Kusikia, Kuona na Kuhisi

Kitenzi "feel" cha Kiingereza ni kapu moja lichukualo mambo mengi: njaa, huzuni, ulaini wa nguo, hata rai ya mtu. Mfasiri mvivu humimina yote katika neno moja, kuhisi, akadhani kazi imekwisha.

Kiswahili hugawa. Mkulima wa Kwaluguru, upande wa Handeni, arudipo shambani husikia njaa na kiu. Alfajiri huona baridi, mbele ya wakwe huona haya. Ulaini wa nguo huujua kwa kupapasa, na rai yake huitanguliza kwa "naona". Wala si kila mara yeye ndiye mtenda: kichwa humwuma, usingizi humchukua, hofu humwingia. Jambo humjia mtu, naye hulipokea. Ndiyo maana "hofu ilimwingia" ina mwendo, na "alihisi hofu" ina habari tu.

Kuhisi, neno lenye asili ya Kiarabu, lina mahali pake: aghalabu hutaja kutambua lisilo dhahiri, kama mtu ahisiye kwamba anafuatwa. Likitumiwa kila mahali, makali hayo hupotea.

Kujisikia nako kwataka hadhari. "Unajisikiaje?" limekwisha kuenea, wala si kosa kumwuliza mgonjwa hivyo, lakini "mtu wa kujisikia" ni mwenye majivuno. Basi mfasiri na aulize kwanza: je, mtu ndiye aiendeaye hofu, au hofu ndiyo imjiayo mtu? Akilijua hilo, kitenzi kifaacho hakitamsumbua.