Mgogoro au Jinai? Kipigo cha Nyumbani katika Fasihi ya Kiswahili na katika Sheria ya Kenya ya 2015

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuyaweka masaibu ya mke anayepigwa chini ya anwani moja: migogoro ya ndoa. Anwani hiyo imo katika miongozo ya shule za upili, imo katika tasnifu za uzamili, na haikosi hata katika kazi za wahakiki wanaojitambulisha na ufeministi. Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo inapotosha. Mgogoro huhitaji pande mbili zinazovutana. Anayepigwa huku akijikinga uso kwa viganja havuti chochote. Anajaribu kubaki hai. Kwa kumwita mshiriki wa mgogoro, mhakiki humtwika nusu ya lawama kabla ya kuanza uchambuzi. Sheria ya Kenya ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, Na. 2 ya 2015, ilikwisha kuiacha lugha hiyo. Yafaa kuuliza kwa nini uhakiki ungali unaishikilia.

Sarufi ya upatanisho

Tatizo hili halikuzuka katika fasihi. Asili yake ni namna jamii na watawala wa ngazi za chini wanavyolieleza shauri la nyumbani. Mfano ni wadi ya Murera, katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, kati ya Ruiru na Thika. Ni ukanda ambao mashamba makubwa yamekuwa yakigawanywa kuwa ploti, na nyumba za kupanga zimesongamana kiasi kwamba ukuta mmoja huzitenga familia mbili. Jirani husikia. Hata hivyo shauri la mke aliyepigwa, huko kama kwingineko nchini, mara nyingi huanzia kwa wazazi wa pande zote mbili au kwa mzee wa Nyumba Kumi, likapanda kwa naibu wa chifu na kwa chifu, kabla ya kufika kituo cha polisi, ikiwa litafika.

Katika ngazi hizo zote kauli inayotawala ni ile ya kutendana: wamekosana, wamegombana, wamepigana. Methali inayoandamana nayo ni wagombanao ndio wapatanao. Kisarufi, kauli hii huwafanya wawili kuwa watenda na watendwa kwa pamoja. Kiutawala, hulifanya shauri kuwa la kusuluhishwa badala ya kuchunguzwa. Kabla ya afisa yeyote kufungua daftari, kitenzi kimekwisha kutoa hukumu. Inapoandikwa kwamba bwana na bibi wamekosana, hakuna tena anayetafutwa.

Sheria ya 2015 ilivunja sarufi hiyo. Inamtambua mlalamikaji na mlalamikiwa, na haiwachanganyi. Inapanua maana ya dhuluma ipite kofi na fimbo: imo dhuluma ya kiuchumi, ya kihisia, vitisho, kuandamwa, kufungiwa nje ya makazi na kulazimishwa kurithiwa. Inamwezesha mlalamikaji kuiomba mahakama amri ya kinga. Inampa polisi anayepokea malalamiko wajibu wa kumweleza mlalamikaji nafuu alizo nazo, yakiwemo makazi salama na matibabu, na inamruhusu mlalamikaji kutoa taarifa kwa afisa wa jinsia yake. Jambo la msingi ni kwamba sheria hii haiusubiri moyo wa mtesaji ubadilike. Kwanza inataka awekwe mbali.

Serikali kama mhusika asiyekuwapo

Kazi tatu zinatosha kuonyesha jinsi fasihi ilivyolishughulikia suala hili. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na nyumba nzima inaishi kwa kuhofia ulevi wake. Hakuna mlango wa serikali unaobishwa. Serikali ya nje ya kitabu ilijitokeza kwa njia nyingine: riwaya hii ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inakwenda mbali zaidi. Maksuudi, anayemtesa mkewe Tamima na kumfungia ndani bintiye Maimuna, ni mtu wa siasa. Mnyanyasaji na mtafuta madaraka ya umma ni mtu mmoja, kwa hiyo Tamima hana pa kushtaki. Kutokuwapo kwa msaada si pengo la utunzi. Ndiyo hoja yenyewe ya riwaya.

Natala ya Kithaka wa Mberia (1997) nayo inamchora mwanamke anayehesabiwa mjane na anayekataa kurithiwa na Wakene, nduguye mumewe. Tamthilia hii iliutaja ulazimishaji huo kuwa uonevu miaka 18 kabla ya sheria ya Kenya kuuorodhesha miongoni mwa dhuluma za nyumbani. Fasihi iliitangulia sheria. Uhakiki ndio uliobaki nyuma.

Bembea ya Maisha ya Timothy Arege inaleta ugumu wa aina yake, hasa kwa kuwa imekuwa kitabu teule katika shule za upili za Kenya. Yona, mwalimu aliyeharibiwa na ulevi, amempiga mkewe Sara. Hatimaye anajuta na kumhudumia. Mtunzi anaonyesha kwa makini jinsi masimango ya jamii kuhusu watoto yanavyoingia nyumbani na kugeuka ngumi. Lakini tunapofika kwa mhakiki wa darasani, toba ya Yona hufanywa utatuzi wa mgogoro. Mwanafunzi hufundishwa kutaja chanzo, matokeo na suluhisho, na suluhisho ni kubadilika kwa mume. Swali ambalo haulizwi ni hili: Sara angekwenda wapi iwapo Yona asingebadilika? Usalama wa mke unaotegemea toba ya mume si usalama, ni subira.

Pingamizi

Inaweza kusemwa kwamba sheria yenyewe ni maandishi tu. Pingamizi hili lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu wafikie miaka 15. Makazi salama yameendeshwa kwa sehemu kubwa na mashirika yasiyo ya serikali. Mwenye jeraha anahitaji fomu ya P3, nauli, na mtu wa kumwachia watoto. Isitoshe, sheria zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 43(5), iliwatoa wanandoa halali katika maelezo ya tendo lisilo halali, ilhali ile ya 2015 inautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Mnamo Januari 2025 Rais William Ruto aliteua jopo la watu 42 chini ya Nancy Baraza kuchunguza ukatili wa kijinsia na mauaji ya wanawake: ithibati kwamba miaka 10 ya sheria haikuwa imetosha.

Hata hivyo udhaifu wa utekelezaji hauutetei uhakiki. Mke wa Murera anayerudi nyumbani kwa kukosa nauli na makazi hajapatana na mumewe, amekosa njia. Kuliita jambo hilo suluhu ni kuusamehe umaskini na serikali kwa pamoja.

Hitimisho

Sheria ya 2015 imeandikwa kwa Kiingereza. Mlalamikaji husema kwa Kiswahili au Gikuyu, na kati yao yupo mtu anayechagua kitenzi: karani, mkalimani wa mahakama, polisi wa dawati la jinsia. Wengi wao walijifunza kueleza kipigo katika darasa la fasihi, kwa walimu waliofundishwa na idara za Kiswahili. Ikiwa darasani waliambiwa kwamba Yona na Sara wana mgogoro, haitashangaza wakiandika kwamba bwana na bibi wamekosana. Kwa hiyo mhakiki ana wajibu ambao hauwezi kuachiwa Bunge: kurejesha mtenda na mtendwa mahali pao. Yona alimpiga Sara. Uchambuzi na uanzie hapo.