Mzigo wa Usawa: "Harrison Bergeron" na Msomaji wa Lubudi

Katika "Harrison Bergeron" (1961), hadithi fupi ya Kurt Vonnegut, Wamarekani wa mwaka 2081 wamelazimishwa kuwa sawa: mwenye nguvu hubebeshwa vyuma, mzuri huvikwa kinyago, mwerevu huwekewa sikioni chombo cha kumvuruga mawazo. Harrison, kijana wa miaka 14, anavunja vyuma vyake mbele ya televisheni, kisha anajitangaza mfalme. Uasi wenye dosari. Dokezo zito zaidi limo katika kifo chake. Diana Moon Glampers, mkuu wa usawazishaji, anafyatua risasi mbili, na wawili wanakufa. Mkono uliolemewa haulengi hivyo.

Msomaji wa Lubudi hana haja ya kungoja 2081. Katika Zaire ya miaka ya 1970 tai ilipigwa marufuku, wanaume wa ofisini wakavaa abakosti, wote wakaitwa "citoyen". Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Mobutu alibaki na kofia yake ya chui. Hata hivyo, nyumbani watu waliendelea kuitana Joseph na Marie, mpaka masharti yalipolegezwa mwaka 1990. Hazel, mamaye Harrison, analia, kisha anasahau alichokililia. Hapo ndipo hadithi inapopungukiwa: haimwachii mama hata jina la kunong'ona.