Paa, Paa na Sikio la Guangzhou

Vitabu vyetu vya isimu huuchora mdomo kama ramani ya bandari: /p/ na /b/ midomoni, /t/ na /d/ kwenye ufizi, /k/, /g/ na /ng'/ kwenye kaakaa laini. Kisha kila kipasuo hupewa sifa ya ghuna au sighuna, na mwanafunzi huambiwa amehitimu. Guangzhou ni mahali pema pa kuupima mchoro huo. Katika mtaa wa Xiaobei, wanakofanya biashara Waafrika wengi, Kiswahili hukutana na Kikantoni, lugha ambayo vipasuo vyake havina mghuno kabisa.

Kikantoni hutofautisha kwa pumzi. Paa, kwa toni ya kati, ni kuogopa. Baa, kwa toni ileile, ni kuhodhi kwa mabavu. Herufi b isimhadae msomaji: hiyo ni /p/ isiyo na mpumuo. Mwenyeji wa huko akilisikia neno letu paa, sikio lake litauliza kwanza: pumzi imetoka au haikutoka?

Sarufi sanifu haina jibu. Mzungumzaji wa Kimvita analo. Paa wa mwituni ana mpumuo, paa la nyumba halina. Kaa wa pwani anao, kaa la moto halina. Majina ya ngeli ya mnyama yule yalianza zamani kwa nazali, nayo ilipotoweka mbele ya konsonanti sighuna iliacha pumzi nyuma yake. (Kwamba paa wa Mombasa na woga wa Guangzhou huanza kwa sauti moja ni sadfa tu, ila sadfa tamu.)

W. E. Taylor aliutia mpumuo alama katika karne ya 19. Tahajia iliyosanifishwa baada ya 1930 kwa msingi wa Kiunguja haikuutia. Uamuzi huo uliwafaa wapiga chapa, si wasomaji wa Muyaka. Mhakiki anayemsoma mshairi huyo wa Mombasa kwa macho tu huona neno moja palipo na mawili, kisha humsingizia utata ambao hadhira yake haikuusikia.

Upande wa /ng'/, Guangzhou ni jirani wa karibu zaidi. Ng'ombe kwa Kikantoni huitwa ng'au, sauti ikifungwa palepale kwenye kaakaa laini. Kimandarini husema niu, ulimi ukiwa umesogea mbele. Vijana wengi wa Kikantoni sasa huidondosha nazali hiyo na kusema au.