Ushahidi Ndani ya Chupa

Buibui mwari hazidi sana punje ya mchele, lakini ukimtazama kwa lenzi hutamsahau. Sehemu ya mbele ya mwili wake, penye macho manane, imeinuka kama mnara hata mtu akadhani ana shingo, na kutoka juu ya mnara huo taya mbili ndefu zimening'inia kuelekea chini, mfano wa ndege mwari aliyeulaza mdomo wake kifuani. Usiku huzunguka katika misitu ya Madagaska bila utando wa kunasia, akifuata nyuzi zilizoachwa na buibui wengine, kwa sababu chakula chake ni hao hao buibui wenzake. Akimfikia mmoja humchoma, kisha huiinua taya moja mpaka ikasimama pembe ya digrii 90 kutoka mwilini, na yule aliyechomwa anatapatapa kwenye jino la sumu lililo nchani, mbali, asiweze kumwuma aliyemkamata. Hushikiliwa hivyo hivyo mpaka atulie. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu amepewa fimbo mwilini mwake, tena ya urefu unaotosha.

Nimemweleza kwa kirefu ili niwasifu watu waliokaa miaka mingi mbele ya hadubini wakaamua kwamba huyu ni spishi moja, yule ni nyingine, na wote wawili ni wa jenasi fulani. Kazi yao huitwa uainishaji, na wengi, wasomi wakiwemo, huiona kama kazi ya karani wa ghala: mzigo umeingia, ubandikwe karatasi, upandishwe rafuni, basi. Naona wanaidhulumu. Jina la spishi ni dai. Lina sababu zake, limetolewa hadharani, na ushahidi wake umehifadhiwa ili hata mtu ambaye hajazaliwa aje auchungulie na aseme, "Hapa mlikosea." Ni fani chache zinazomwekea mpinzani wa kesho silaha zote mezani kwa hiari namna hiyo, na heshima ya ufundi huu, kwa maoni yangu, iko hapo hasa.

Historia ya kundi lenyewe ilianza kaburini. Mwaka 1854 Koch na Berendt walichapisha maelezo ya buibui aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Baltiki zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Msomaji wa pwani anayeijua sandarusi, ile iliyochimbwa ardhini bara na kupitia Unguja kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya na Marekani, ameviona au amesikia habari za vidudu vilivyomo ndani yake, vimetulia kana kwamba vilikufa jana. Kaharabu nayo ni utomvu wa mti, ila umri wake ni mkubwa mno kuliko wa sandarusi. Buibui yule wakamwita Archaea paradoxa, jina lenye harufu ya ukale na ya mshangao. Miaka 27 baadaye, mwaka 1881, Octavius Pickard-Cambridge, kasisi wa Kiingereza aliyeainisha buibui wa pembe nyingi za dunia akiwa huko kwao Dorset, akaeleza buibui kutoka Madagaska mwenye shingo ya namna ile ile, akampa jenasi mpya, Eriauchenus. Ukoo uliojulikana kwa kuzikwa Ulaya kumbe ulikuwa ukiendelea kuwinda usiku katika kisiwa cha Bahari ya Hindi.

Watu wa mwambao huu wanakijua kisa kinachofanana na hicho. Silikanti, samaki aliyefahamika kwa visukuku tu, alivuliwa hai Afrika Kusini mwaka 1938, akapatikana tena mwaka 1952 huko Komoro, ambako wenyeji humwita gombessa, na tangu mwaka 2003 amekuwa akiingia katika nyavu za wavuvi wa Tanzania. Mfaransa aliyeongoza uchunguzi wa mwili wa gombessa wa Komoro ni Jacques Millot, na Millot huyo huyo, mwaka 1948, alikuwa amemwita buibui mmoja wa Madagaska gracilicollis, yaani mwenye shingo nyembamba. Sidhani hiyo ilikuwa sadfa tupu. Aliyezoea kumlinganisha kiumbe hai na jamaa yake aliyeganda katika kaharabu alikuwa amejinoa tayari kwa samaki wa aina ile.

Lakini kufanana kwa shingo ni fununu, na mwainishaji hahukumu kwa fununu. Chukua chupa ndogo ya kioo, nene kama kidole, imejaa spiriti. Ndani mna buibui mmoja aliyepauka na kikaratasi kilichoandikwa jina la msitu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe na jina la mkusanyaji. Mwainishaji humtoa kwa koleo laini, humlaza kwenye kisahani chenye mchanga safi uliofunikwa na spiriti ili akae upande unaotakiwa, kisha huanza kutazama. Rangi haimsaidii sana, maana spiriti huila. Ukubwa nao hauaminiki, kwa kuwa hufuata shibe na njaa. Kwa dume, anachokitafuta kipo kwenye vipapasio viwili vilivyotangulia miguu, ambavyo nchani vimevimba kama ngumi. Hapo ndipo dume hubeba mbegu zake, na ndani ya ngumi hiyo mmejipanga vibamba vigumu, vikulabu, na mrija mwembamba kuliko unywele, kila kimoja na mkao wake. Kwa jike hubidi apasue upande wa chini wa tumbo, akitoe kiungo cha uzazi, akisafishe nyama laini mpaka vibakie vifuko vigumu, avihesabu na kuvilinganisha. Kisha anachora. Wapo wanaouliza kwa nini mtu achore kwa mkono katika zama za kamera. Ni kwa sababu kalamu humlazimisha kuamua: mstari huu ni ukingo wa kibamba au ni kivuli? Picha inaweza kuliacha swali hilo lilale, lakini kwenye mchoro ama mstari upo ama haupo, na aliyeuweka ameshajifunga.

Uamuzi ulio wazi kiasi hicho unaweza kuangushwa, na katika kundi hili umeangushwa mara kadhaa. Mwaka 1984 Raymond Forster wa Nyuzilandi na Norman Platnick wa New York walikusanya buibui wa kusini mwa dunia wenye taya zilizopangwa vijino mithili ya vigingi, wakajenga hoja kwamba familia kadhaa ni ndugu wa karibu wa buibui mwari. Kitabu chao kilikuwa na picha nyingi na maelezo makini, kikawaongoza wengine kwa miaka mingi. Baadaye ushahidi mpya ukaanza kukibomoa. Kufikia mwaka 2017 familia mbili kati ya hizo, Pararchaeidae na Holarchaeidae, zilifutwa na buibui wake wakahamishiwa kwa jamaa wengine kabisa. Vile vigingi vilikuwa vimezuka zaidi ya mara moja katika koo zisizohusiana. Familia nyingine, Mecysmaucheniidae, ilibaki kuwa jirani wa kweli. Je, kazi ya mwaka 1984 ilipotea bure? Hata kidogo. Waliokuja kuipinga walianzia kwenye michoro yake na chupa zake, na wasingejua pa kugonga kama Forster na Platnick wasingesema kinagaubaga ni alama ipi waliyoitegemea.

Shingo yenyewe nayo ilikuja kushtakiwa. Mwaka 2007 Hannah Wood na wenzake walilinganisha buibui mwari wa Madagaska kwa umbo na kwa DNA pamoja, wakaona kwamba shingo ndefu kupita kiasi ilizuka zaidi ya mara moja ndani ya kisiwa. Alama inayovuta macho kuliko zote, iliyolipa kundi jina na sifa, ikathibitika kuwa shahidi wa mashaka inapohusu nani ni ndugu wa nani. Mwaka 2018 Wood, akiwa makumbusho ya Smithsonian, na Nikolaj Scharff wa Copenhagen wakachapisha tathmini yao: walipitia mamia ya sampuli, za makumbusho na za msituni, wakazipanga katika spishi 26, kati yake 18 zikiwa hazijawahi kuelezwa, na wakaanzisha jenasi mpya, Madagascarchaea. Hata tahajia haikudharauliwa: vitabu vilikuwa vimezoea kuandika Eriauchenius, kisha ikarudishwa Eriauchenus. Herufi moja inaweza kuonekana ni kujisumbua, ila jina ndiyo kamba pekee inayomwunganisha msomaji wa leo na maandishi ya mwaka 1881.

Wapo watakaosema kwamba DNA imeufanya ufundi huu kuwa wa kizee: kata mguu mmoja, usome vinasaba, mashine itakupangia ukoo mzima. Pingamizi hili lina uzito, na kisa cha shingo kinaonyesha jinsi vinasaba vinavyoweza kulisuta jicho. Hata hivyo mashine hutoa mfuatano wa herufi usio na mwenyewe, mpaka mtu auunganishe na mwili uliotambuliwa. Ukikosea kumtambua mwenye mguu, mashine itakurudishia kosa lako likiwa limevaa joho la uhakika. Tena kaharabu haina DNA ya kusomwa baada ya miaka milioni 40. Njia pekee ya kumkalisha Archaea paradoxa meza moja na jamaa zake walio hai ni umbo, kibamba kwa kibamba. Ndivyo walivyofanya Wood na wenzake mwaka 2013: waliwaingiza buibui wa visukuku katika mti mmoja wa nasaba na wale walio hai, na wakapata kwamba kutengana kwa tawi la kaskazini na la kusini kunalingana na kupasuka kwa bara kuu la kale, Pangea. Kwamba leo ukoo huu unapatikana Madagaska, Afrika Kusini na Australia tu ni habari ya ardhi iliyomeguka, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imesomwa na watu waliojua kutazama vijino kwenye taya.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni jingine. Buibui ni wa Madagaska, na sehemu kubwa ya waliowapa majina wametoka Uingereza, Ufaransa, Marekani na Denmark. Majina ya Kimalagasi yapo, nayo yanapendeza: lavatenda, mwenye koo refu, voronakely, ndege mdogo. Mswahili huisikia lugha hiyo kama ya jirani, maana ng'ombe kule ni omby, mbwa ni amboa na kuku ni akoho, maneno yaliyovuka kutoka upande wetu. Lakini kuazima neno la wenyeji hakutoshi ikiwa chupa yenye sampuli iliyobeba jina iko Paris au San Francisco, na mwanafunzi wa Antananarivo anahitaji viza ili aione. Wengine watajibu kwamba huko ndiko inakotunzwa salama. Sikubaliani nao, na sababu yangu naitoa ndani ya ufundi wenyewe. Ikiwa jina ni dai linalosimama kwa ushahidi ulio wazi kwa kila mpinzani, basi ushahidi usiofikika kwa wanaoishi jirani na msitu umefungwa nusu. Machapisho yamepiga hatua. Tathmini ya mwaka 2018 ilitoka katika jarida la ZooKeys, ambalo yeyote mwenye intaneti hulisoma bure. Chupa bado zinatuwia deni, na hali haihusu Madagaska peke yake, maana buibui wetu nao huelezwa na wageni: Scharff huyo huyo aliandika mwaka 1990 juu ya buibui wa familia ya Linyphiidae wa Milima ya Udzungwa, Tanzania. Bustani ya wanyama na mimea ya Tsimbazaza kule Antananarivo na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi zinahitaji makabati, spiriti, hadubini nzuri, na zaidi ya hayo ajira za kudumu kwa vijana wetu wenye macho ya subira.

Faida ya haya yote kwa mwenye njaa? Sitadai kwamba sumu ya buibui mwari itatibu maradhi, kwa kuwa hilo halijathibitishwa, na ufundi huu hauhitaji kukopa sifa. Nasema tu kwamba misitu ya Madagaska inakatwa na kuchomwa, na baadhi ya buibui hawa wanajulikana kutoka vipande vichache mno vya msitu. Kiumbe kisicho na jina hakiingii katika orodha ya walio hatarini, wala hakimpi mtetezi wa msitu neno la kusema mbele ya mwenye shoka au mwenye muhuri. Nami naona kuwa kukitambua kiumbe kilivyo ni jambo jema hata kabla ya kulipatia kazi. Mwezi Aprili mwaka 2022 orodha ya buibui wa dunia inayotunzwa Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000. Kila moja iliingia baada ya mtu kuinama juu ya kisahani na kuamua mstari wake uanzie wapi.

Na katika maelezo ya spishi mpya upo utaratibu mmoja wa kiungwana. Baada ya dume kuelezwa kipapasio kwa kipapasio, hufuata kichwa kidogo cha habari: jike. Mara nyingi chini yake pana neno moja tu, "hajulikani", kisha nafasi.