"Uchunguzi wa Awali" wa Saratani ya Ini

Katika karatasi ya ushauri tuliyoisoma Boko, Dar es Salaam, mgonjwa wa homa sugu ya ini aliyekwisha kupata makovu ya ini anaagizwa afanyiwe "uchunguzi wa awali" wa saratani. Mfasiri amekosea. Awali ni mwanzo. Msomaji ataelewa kuwa akipimwa mara moja amemaliza, ilhali ini la namna hiyo hupimwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, maana uvimbe ukiwa bado mdogo, wa kutibika, aghalabu hauumi. "Ufuatiliaji", neno lipendwalo maofisini, nalo halimtoshi mgonjwa: atadhani ni faili lake linalofuatiliwa. Twapendekeza "upimaji wa vipindi", na muda wenyewe utajwe papo hapo.