Wiki Nne Bila Mshahara: Jinsi Mzigo wa Mdororo Ulivyogawanywa

Biashara ikidorora, mauzo hushuka lakini mishahara hubaki palepale. Njia iliyozoeleka ni kupunguza watu, kisha waliobaki huitwa kikaoni na kuhimizwa wajitume zaidi. Hotuba hiyo haiingii, kwa kuwa kila anayeisikiliza anawaza kama jina lake litakuwemo kwenye orodha ijayo. Ari ya timu huokolewa au hupotea mapema zaidi, pale inapoamuliwa nani abebe hasara na kwa kiasi gani.

Kampuni ya Barry-Wehmiller ya St. Louis, Marekani, inatupa mfano mzuri. Hutengeneza mitambo ya viwandani, na msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia, wateja wake waliacha kuagiza mitambo mipya. Mwaka 2009 bodi ilizungumzia kupunguza wafanyakazi. Mtendaji mkuu, Bob Chapman, akaja na mpango mwingine: kila mmoja, kuanzia katibu muhtasi hadi yeye mwenyewe, achukue wiki nne za likizo bila malipo. Hazikulazimika kufuatana, na kila mtu alijichagulia wakati. Kampuni ilisimamisha pia mchango wake kwenye akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Lengo lilikuwa kuokoa dola milioni 10. Ziliokolewa milioni 20.

Tuitazame hesabu yake. Wiki nne kati ya 52 ni sehemu moja ya 13. Tuseme karakana ya samani ya Keko, Dar es Salaam, ina mafundi 13, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Wiki nne bila malipo humgharimu kila fundi takriban shilingi 369,000. Zikijumlishwa kwa wote 13, zinafikia 4,800,000, mshahara wa fundi mmoja wa mwaka mzima. Kwa fedha ileile, mwenye karakana anaweza kumfukuza mmoja au kubaki na wote. Akimfukuza, atalipa kiinua mgongo, atapoteza ujuzi wa miaka, na oda zikirudi ataanza upya kumfundisha mgeni.

Lakini hesabu peke yake isingetuliza watu. Mambo matatu yaliufanya mpango ukubalike. La kwanza ni uhuru wa kuchagua. Wapo wafanyakazi waliomudu kukosa mshahara wa wiki tano, wakazibeba wiki za wenzao ambao wasingemudu. Hakuna meneja aliyewaagiza. Mtu aliyeondolewa hofu ya kufukuzwa alipata nafasi ya kumfikiria mwenzake.

La pili, Chapman alianza na nafsi yake. Alishusha mshahara wake hadi dola 10,500 kwa mwaka, kiasi alichoanza nacho kazi baada ya kutoka chuoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wafanyakazi humtambua haraka bosi anayehubiri uvumilivu huku marupurupu yake hayajaguswa.

La tatu ni kulipa deni. Biashara ilipoimarika, kampuni ilirudisha mchango wa akiba ya uzeeni na kuufidia ule uliokuwa umesimamishwa. Jambo hili husahauliwa na wengi, nalo ndilo linaloamua kama timu itakuamini mdororo mwingine ukija.

Upo pia upande wa kazi yenyewe. Fundi anayekuja kazini na kukaa bure huvunjika moyo hata kama analipwa. Mwaka 2008 bei ya mafuta ilipopaa na magari makubwa kukosa wanunuzi, Toyota ilisimamisha uzalishaji kwa takriban miezi mitatu katika viwanda vyake vya San Antonio, Texas, na Princeton, Indiana. Wafanyakazi wa kudumu hawakuachishwa. Waliingizwa kwenye mafunzo na kazi ya kuboresha mitambo na taratibu. Karakana yetu ya Keko nayo inaweza kutumia wiki za ukame kukarabati mashine, kupanga stoo na kumfundisha mpaka rangi kazi ya useremala.

Njia hii ina mipaka. Inafaa pale penye matumaini ya kweli kwamba soko litarudi. Kama bidhaa imekwisha wakati wake, likizo bila malipo inachelewesha msiba tu. Tena, wiki nne mfululizo kwa mwenye kipato cha chini ni njaa nyumbani, kwa hiyo zitawanywe, na wenye mishahara minono wabebe zaidi. Makubaliano yawe ya hiari na yaandikwe. Hata inapobidi kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kwanza, ikiwemo kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo.

Kiongozi anayeitisha kikao cha mdororo aende na namba tatu mkononi: oda zilizopo, fedha iliyobaki inatosha mishahara ya wiki ngapi, na yeye mwenyewe amekatwa kiasi gani. Azibandike ukutani, azihuishe kila wiki, na aandike kile kitakacholipwa mauzo yakirudi. Watu wazima huvumilia dhiki wanayoielewa, wakiona imegawanywa kwa haki.