Nyuzi Zisizoguswa

Sisi tuliokulia Dodoma tulizijua nyimbo za Kihindi kabla ya kulijua jina la Beatle hata mmoja. Tulizisikia katika sinema, tukazisikia zikivuma kutoka nyuma ya kaunta za maduka, na waliotoka pwani walituletea taarabu iliyojengwa juu ya tuni zile zile. Kwa hiyo niliposikia "Norwegian Wood", wimbo wa Beatles uliotoka Desemba 1965 na ambao wahakiki wa Ulaya huutaja kila wanapoeleza jinsi India ilivyoingia katika muziki wa roki, sitari yake haikunishtua. Kilichonishangaza ni udogo wa kazi iliyopewa. George Harrison anaipiga kama gitaa: anaifuata tuni ya mwimbaji noti kwa noti, kisha ananyamaza. Ukiiondoa sitari ukaweka gitaa mahali pake, wimbo hautalalamika.

Miezi michache kabla ya hapo kundi jingine la Kiingereza, Kinks, lilitoa "See My Friends". Humo hamna ala ya Kihindi hata moja. Ray Davies alikuwa amepita Bombay na kuwasikia wavuvi wakiimba alfajiri, naye akarudi na kitu kimoja tu: mvumo. Gitaa linashikilia sauti moja chini ya wimbo na kukataa kuiacha. Kwangu mimi wimbo huo ni wa Kihindi kuliko ule wa Beatles, maana umegusa msingi. Muziki wa kale wa India haupandi na kushuka kwa vikundi vya noti vinavyobadilika kama ulivyo wa kanisani. Una sauti moja ya nyumbani, inayoshikiliwa na tambura tangu mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji huondoka na kurudi humo kama ng'ombe anavyolijua zizi lake.

Harrison alilijua pengo lake, na sifa yake kubwa ni kwamba alikwenda kuliziba. Mwaka 1966 alikutana na Ravi Shankar, na Septemba mwaka huo huo alisafiri hadi Bombay akakaa chini kama mwanafunzi wa kawaida, huku dunia nzima ikimwona mfalme. Matunda yake ni "Within You Without You" ya mwaka 1967. Hakuna Beatle mwingine anayepiga humo. Wapo wanamuziki wa Kihindi waliokuwa wakiishi London. Tabla inatembea kwa mwendo wake, na dilruba, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, inaifuata sauti ya mwimbaji kwa nyuma kidogo, kama ndugu mdogo anavyokanyaga nyayo za kaka yake. Katikati, pale maneno yanapokoma, mapigo yanahesabiwa kwa matano, na msikilizaji wa dansi aliyezoea manne hujikuta mguu wake uko hewani. Naona ni wimbo mzuri. Mwishoni Harrison aliweka kicheko cha watu, na kila mara nikifika hapo huona haya kwa niaba yake. Mtu aliyesali kwa dakika tano hana haja ya kucheka ili aonekane bado ni mmoja wa vijana wa mjini.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba muziki wa India na imani ya India viliingia katika roki kwa mlango mmoja. Tazama mambo yalivyokwenda. Februari 1968 Beatles walikwenda Rishikesh, kando ya mto Ganges, kujifunza tafakuri kwa Maharishi Mahesh Yogi. Walirudi na nyimbo nyingi, na nyingi zikaingia katika santuri mbili za mwaka huo zenye jalada jeupe. Utaitafuta sitari humo hadi uchoke. Walipoikaribia India kuliko wakati wowote mwingine, milio yake iliwatoka, wakarudi kwenye gitaa. Na Harrison alipotoa "My Sweet Lord" mwaka 1970, wimbo ambamo waitikiaji wanaanza na haleluya na kumalizia na jina la Krishna, muziki wenyewe ulikuwa wa kanisa la watu weusi wa Marekani. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba tuni yake, bila yeye kukusudia, ilitokana na wimbo wa mabinti wa New York walioitwa Chiffons. India haikudai chochote. Sauti ilisafiri kwa behewa moja na imani kwa jingine, na mara nyingi hayakufika stesheni kwa siku moja.

Pwani yetu ilikopa kwa namna nyingine kabisa. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua tuni za sinema za Kihindi zikiwa nzima, akazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na mafumbo yake yakawa ya Kimvita mia kwa mia. Yeye aliacha maneno na imani, akachukua njia ya sauti. Waingereza waliiacha njia ya sauti, wakachukua mlio na kiu ya moyo. Halafu yupo Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarat, akasomeshwa Panchgani huko India, na ambaye ulimwengu ulimjua kama Freddie Mercury. Kama kuna mtu wa roki aliyekuwa na haki ya kuleta India bila kumwomba mtu ruhusa, ni yeye. Mbali na vionjo vya hapa na pale, kama wimbo "Mustapha" wa mwaka 1978 unaochezea sauti za Mashariki, hakuileta. Kijana wa Liverpool aliitafuta. Aliyekulia ndani yake aliifungia sandukuni. Simlaumu. Nyumbani kwa mtu si pambo.

Sasa nije Ugogo, maana jambo hili limetufikia na sisi, na wengi hawakuona lilipopita.

Sitari ina nyuzi ambazo mpigaji hazigusi. Ziko kumi na kadhaa chini ya zile anazozipiga, na zinatikisika zenyewe kwa kuitikia sauti za wenzake. Aidha daraja lake limechongwa bapa makusudi ili uzi ulilambe na kutoa mlio wa nyuki. Mlio huo, na ule mwitikio wa nyuzi zisizoguswa, ndivyo vilivyowapumbaza vijana wa London mwaka 1965. Lakini ichukue ilimba kubwa ya Kigogo uitazame. Juu ya kisanduku cha mbao zimepangwa ndimi za chuma, na miongoni mwake zimo ambazo kidole cha mpigaji hakizifikii. Kazi yake ni kuitikia. Kitobo cha kisanduku kimefunikwa kwa utando mwembamba wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wa nyuki juu yake. Mafundi wa Chamwino na mafundi wa Banaras hawakuwahi kukutana, na wote walifikia uamuzi mmoja: kwamba sauti safi mno ni sauti yenye upweke.

Aliyeibeba ilimba hiyo hadi Ulaya ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ile ya mwanzo ya Azimio la Arusha, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Kiingereza, aliikaribisha sauti yake katika kampuni ya Real World. Mwaka 1996 ikatoka "Chibite", yaani "twende", na mwaka 2002 ikatoka "Assembly", ambayo Zawose aliifanya pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook.

Kumbuka jina hilo la Brook. Ndiye aliyekuwa ametengeneza "Mustt Mustt" ya Nusrat Fateh Ali Khan mwaka 1990. Nusrat alikuwa Mpakistani, mwimbaji wa kawali, nyimbo za Kisufi ambazo kila neno ni dua. Brook mwenyewe amewahi kusimulia kwamba katika kukata na kuunganisha kanda alipasua sentensi katikati, maana ikapotea, na Nusrat akakataa. Ilibidi warudi mezani wapatane. Nampa heshima Brook kwa kulisema hilo hadharani. Pia linanipa kipimo ninachokitumia kwa nyimbo zote za namna hii, kuanzia Beatles hadi leo: je, mwenye maneno alikuwepo, na aliweza kusema hapana? Shankar aliweza. Alichukizwa na vijana waliochanganya muziki wake na bangi, akawaambia. Tarehe 1 Agosti 1971, katika onyesho la New York la kuichangia Bangladesh, watu walipiga makofi yeye na wenzake walipokuwa bado wanakaza nyuzi, naye akawatania kwa upole kwamba, kwa kuwa wamefurahia kukaza, basi huenda wimbo wenyewe wataufurahia zaidi.

Kwa Nusrat walikuwepo mamilioni wanaojua Kiurdu ambao wangelalamika. Kwa Zawose nani angelalamika? Chigogo husikilizwa hapa, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, na santuri za Real World ziliuzwa London na Paris. Walionunua hawakuelewa maneno. Walioelewa maneno hawakuona hata jalada. Sisemi kwamba sentensi yoyote ya Zawose ilikatwa, wala sina sababu ya kudhani hivyo. Nasema kwamba mhakiki aliyestahili kuwepo hakuwepo.

Kwa hiyo, nilipoletewa "Assembly" na jamaa yangu aliyekuwa akisoma Uingereza, niliipeleka kwa shangazi yangu kijijini. Yeye amepiga muheme, ile ngoma ya wanawake, tangu usichana wake. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Sauti ya Zawose ilipopanda juu kabisa, kule inakogeuka kuwa kama ya mwanamke, alitikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyo anayegonga ni nani?" Nikamwambia ni mashine. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haimsubiri."

Sijasoma uhakiki wa albamu ile ulio mkali na wa haki kuliko neno hilo. Katika ngoma ya Kigogo mpigaji humsubiri mwimbaji avute pumzi, na mwimbaji humsubiri mchezaji atue. Mashine haisubiri mtu. Gitaa la Brook, ambalo limetengenezwa ili noti moja idumu muda wowote anaotaka, linafanya kazi ya tambura vizuri sana, na pale anapoliacha livume peke yake chini ya ilimba, albamu inapendeza. Yanapoingia mapigo ya kompyuta, zile ndimi zisizoguswa hazisikiki tena. "Chibite" ni bora mara tatu. Zawose na nduguze wamo wenyewe, chumba kinasikika, na mwitikio wa chuma unapewa nafasi ya kufa taratibu.

Kuna jambo la imani pia, na hapa India imetuzidi bahati, kama ni bahati. Mantra husafiri; unaweza kuitamka popote, hata katika studio ya London. Nyimbo zetu nyingi zimefungwa na wakati na mahali. Msunyunho huimbwa kuomba mvua, na anayeuimba amelitazama anga la Dodoma la Novemba, jekundu kwa vumbi, ng'ombe mbavu nje. Zipo nyimbo za jando ambazo nje ya msimu wake hata hapa kijijini haziimbwi. Ndiyo maana hakuna Mwingereza aliyekuja Ugogo kutafuta mwongozo wa roho kama walivyokwenda Rishikesh. Walitaka mlio wetu, na imani yetu wakatuachia. Sijui kama nisikitike au nishukuru. Siku nyingi hushukuru.

Zawose alifariki Desemba 2003, mwaka mmoja tu baada ya kuzunguka Amerika Kaskazini na Peter Gabriel. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la Zawose Queens, walitoa albamu yao, "Maisha", kwa kampuni ile ile, na wakaimba katika tamasha la Glastonbury. Katika desturi yetu wanawake walikuwa wenye ngoma na waitikiaji. Ilimba na zeze, na nafasi ya kuongoza, vilikuwa vya wanaume. Sasa wanavishika vyote. Waingereza wawili walioitengeneza albamu wameongeza milio ya kisasa, lakini kwa mkono mwepesi kuliko wa mwaka 2002, na mapigo yanaanzia kwa wapigaji wenyewe.

Safari hii sikuhitaji kuletewa chochote kutoka Ulaya. Niliipata kwenye simu, nikamchezea shangazi, ambaye sasa hasikii vizuri sikio la kushoto. Alitaka kujua mabinti wale ni wa ukoo gani, nikamwambia. Wimbo wa pili ulipoanza aliniomba nirudishe nyuma, kwa sababu palikuwa na neno moja ambalo yeye, alisema, angelitamka kwa namna nyingine.